Nani Akishike Kiungo cha Mgonjwa?

Boda boda, ambazo jina lao lilizaliwa katika mpaka huu wa Busia, zama zile zilipokuwa baiskeli za kuvusha abiria na mizigo baina ya Uganda na Kenya, leo ni pikipiki ziendazo kasi, nazo zimetuachia huku Kisoko na Tororo, mashariki mwa Uganda, vijana wasiohesabika waliovunjika miguu. Na kijana akisha kufunguliwa plasta, goti limekakamaa na paja limekonda, ndipo lizukapo suala la nani aruhusiwe kukishika kiungo kile.

Wengi hudhani kwamba fiziotherapia ni kukanda tu, ilhali mtaalamu wa kazi hiyo huanza kwa kupima: goti lakunjika nyuzi ngapi, paja hili lina nguvu gani likilinganishwa na lile, maumivu huanza wakati gani na hutulizwa na nini. Kisha humfundisha mgonjwa mazoezi ya kufanya nyumbani, akaze paja huku mguu umenyooka, ahesabu hadi tano, alegeze. Na baada ya wiki kadhaa humpima tena ajue kama yamefaa. Mwenye kiharusi naye hufundishwa upya kugeuka kitandani, kuketi na kusimama.

Lakini elimu iliyo ghali kuliko zote ni ya kujua pasipofaa kukandwa. Shavu la mguu lililovimba na kupata moto, baada ya mtu kulala siku nyingi, huenda lina damu iliyoganda mshipani, na mkono ulisuguao waweza kulisukuma donge lile hadi mapafuni; mgongo uumao usiku, pamoja na jasho na kukonda, huenda umeingiwa na kifua kikuu katika pingili; na mwenye maumivu ya kiuno aliyekufa ganzi baina ya mapaja, asiyeweza kuuzuia mkojo, shurti apelekwe hospitali siku ile ile. Mambo haya hayapatikani kwa uzoefu wa vidole peke yake, kwa kuwa aliyedhurika aghalabu harudi kumweleza mkandaji taksiri yake.

Hii ndiyo maana ya kumtaka mtaalamu awe na hati ya kazi yake. Mwaka 1894, mjini London, wauguzi wanne waliunda jumuiya ya wakandaji waliosomea kazi, kwani jina la kazi yao lilikuwa limechafuliwa na nyumba za ufisadi, nao walitaka umma umtambue aliyefundishwa na kutahiniwa. Kenya ilitunga sheria ya wataalamu wa fiziotherapia mwaka 2014, wakapata baraza lao wenyewe. Uganda, kwa sheria ya 1996, iliwaweka pamoja na wenzao wa fani nyingine za afya chini ya baraza moja. Kwa hiyo kazi ni moja, na daftari za usajili ni mbili, moja kila upande wa forodha.

Wako wasemao kwamba muunga mifupa wa kijijini yu karibu, hupokea malipo kidogo kidogo, na hodari miongoni mwao wameponya wengi. Sikanushi, ingawa najua pia kwamba gango likikazwa mno huizuia damu mpaka mguu ukaoza. Hujja yao nzito ni nauli: mgonjwa wa Kisoko atakiwaye kufika hospitali ya Tororo mara mbili kwa wiki, kwa miezi, ataacha njiani. Kumkataza muunga mifupa pasipo kumleta mtaalamu katika vituo vya afya vya tarafa ni dhuluma, nami naona serikali inadaiwa nafasi hizo za kazi kabla ya kudai faini.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, yataka nchi wanachama zitambuane vyeti vya kitaaluma. Basi na zisomeane daftari pia, ili aliyefutwa ng'ambo moja asivuke Busia akafungua chumba ng'ambo ya pili. Na tangu leo, kabla ya kulala kitandani pa mtu, mgonjwa ana haki ya kuuliza namba ya leseni na mwaka wake, na mwenye kuulizwa amewajibika kuionyesha pasipo kukasirika.