Tiba ya Mionzi: Mashine Moja Haitoshi

Takribani nusu ya wagonjwa wa saratani huhitaji tiba ya mionzi katika hatua fulani ya matibabu yao. Hata hivyo, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) lilipozindua mpango wa Miale ya Matumaini, Februari 2022, zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na huduma hiyo kabisa.

Mpango huo unazisaidia nchi za kipato cha chini kupata mashine pamoja na wataalamu. Uzoefu wa Uganda unaonesha kuwa kupata mashine ni mwanzo tu. Mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini humo, iliyokuwa Mulago jijini Kampala na iliyotumika kwa miaka 20 hivi, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi. Wengine walilazimika kusubiri. Mashine mpya ilizinduliwa rasmi Januari 2018.

Nguvu ya kobalti inayotumika katika baadhi ya mashine hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano hivi, hivyo chanzo chake hubadilishwa. Mashine za kisasa zisizotumia kobalti huhitaji umeme wa uhakika na mafundi. Zote huhitaji wanafizikia tiba wa kukokotoa dozi.

Kwa hiyo, bajeti ya ununuzi haina budi kuambatana na fedha za matengenezo, mafunzo na mashine ya akiba, ili mgonjwa aliyeanza tiba aimalize.