Picha moto, sauti ya mtungi: vijana wa filamu tunajidanganya

Mwezi jana nilialikwa kutazama filamu fupi ya mbogi fulani ya vijana hapa Nairobi. Picha ilikuwa moto. Droni ilipaa juu ya Thika Road jioni, rangi zimekolezwa, hata mimi nikasema hapa kweli kuna kazi. Kisha mama akaketi jikoni na mwanawe kumwambia kwamba baba yake hakufa, alitoroka. Hiyo ndiyo siri iliyobeba hadithi nzima. Sisi tulichosikia ni friji ikinguruma, kuku wa jirani, na mwangwi kama wa mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nyuma yangu jamaa akauliza, "Amesema nini?" Watu wakaangua kicheko. Mama analia kwenye skrini, ukumbi unacheka.

Baadaye nilimuuliza mwelekezi walitumia maikrofoni gani. "Ile ya kamera tu, bro. Tulijua tutarekebisha baadaye."

Hii "tutarekebisha baadaye" ndiyo ninayoigombania leo. Tunakodi kamera kwa maelfu, tunakodi droni, halafu sauti tunaiachia Mungu. Na mtazamaji hana huruma upande huo. Video ya WhatsApp iliyochukuliwa na mkono unaotetemeka tutaitazama hadi mwisho, bora maneno yasikike. Sauti ikiwa mbovu, dakika moja tu tushaondoka.

Kitu kinachoniudhi zaidi ni kwamba hii ndiyo sehemu ya filamu ambayo msee asiye na doo anaweza kujifunza mapema kuliko zote. Simu yako tayari ni kinasa sauti. Tafuta maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, uichomeke kwenye simu, simu uitie mfukoni mwa mwigizaji. Siri iko kwenye umbali: kila unapozidisha mara mbili umbali kati ya mdomo na maikrofoni, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6, na kelele za chumba zinabaki palepale. Kwa hivyo simu ya bei ya chini iliyo karibu na kifua inaishinda kamera ya bei ghali iliyo mita tatu mbali. Rekodi kwa kilohezi 48 maana ndicho kipimo cha video, na uache nafasi juu ili mtu akipiga kelele sauti isipasuke. Piga kofi mbele ya kamera kabla ya kuanza, utanishukuru wakati wa kuoanisha picha na sauti.

Na friji uizime! Wazoefu wana ujanja mmoja: unaweka funguo zako za nyumba ndani ya friji. Huwezi kwenda nyumbani bila kukumbuka kuiwasha tena, na maziwa ya wenyewe hayataharibika.

Kabla hamjafungasha, kila mtu anyamaze na mrekodi chumba kikiwa kimya kwa nusu dakika au zaidi. Waigizaji watakuona umepotea. Lakini hakuna vyumba viwili vyenye kimya kinachofanana, na bila hicho kipande, kila mahali utakapokata mazungumzo patasikika kama shimo.

Halafu kuna sehemu tamu, kutengeneza sauti kwa mikono. Hollywood kazi hii inaitwa Foley, jina la Jack Foley aliyeifanya katika studio za Universal enzi filamu zilipoanza kusema. Nyayo, nguo, mlango, kikombe, vyote hurekodiwa upya huku mtu akitazama picha. Vifuu viwili vya nazi vinakupa farasi. Vunja karoti karibu na maikrofoni, mfupa umevunjika. Mafuta yakichachatika kwenye kikaango yanaweza kuwa mvua. Ben Burtt alipotafuta mlio wa panga za mwanga za Star Wars, iliyotoka 1977, alichanganya mngurumo wa mota ya projekta na kelele za runinga. Yaani takataka za sauti tunazozifukuza kila siku! Programu za kuhariri pia si kisingizio: Audacity ni ya bure, na toleo la bure la DaVinci Resolve lina ukurasa mzima wa sauti.

Hapa nina malalamiko mengine. Tukikosa sauti tunakimbilia maktaba za mtandaoni, na nyingi zimejaa miji ya watu. Nimetazama filamu ya Eastlands yenye king'ora cha polisi wa Marekani. Nimesikia alfajiri ya Kayole ikiimbwa na ndege ambao hawajawahi kuiona Kenya. Alfajiri ya Nairobi ni hadada wakipiga mayowe juu ya paa, adhana, makanga wa kwanza akigonga bodi ya matatu. Sauti hizo ni za bure, ziko nje ya dirisha lako, na hakuna mtu wa London atakayekurekodia.

Anayedhani haya ni mapambo tu aitazame tena The Godfather ya 1972, pale Michael anapoketi mkahawani kabla ya kufyatua risasi. Treni inakwaruza reli, kelele zinapanda hadi masikio yanauma. Treni yenyewe huioni kamwe. Walter Murch aliiweka ili tusikie kilicho ndani ya kichwa cha huyo kijana. Sasa fikiria, sisi tuna reli inayopita katikati ya Kibera.

Lakini kujifunza pekee hakutoshi ikiwa wenye miradi wataendelea kutulipa kama wabeba mizigo. Kazi yangu ya mwisho nilishinda siku mbili nimeshika maikrofoni juu ya kichwa nikalipwa elfu tatu. Mwenye droni alirusha kwa dakika arubaini, akalipwa elfu kumi na tano. Nilipokuwa chuo, kabla karo haijanishinda, somo la sauti lilichukua wiki mbili na maikrofoni ya idara ilikuwa imefungiwa kabatini. Ufunguo alikuwa nao mtu aliyekuwa likizoni.

Kwa hivyo waelekezi, kabla ya kuandika "droni" kwenye bajeti, andikeni "sauti", na muite mtu wa sauti siku mnayotafuta mahali pa kupigia picha. Yeye ndiye atakayewaambia kwamba nyumba hiyo nzuri iko mkabala na jua kali wa kuchomelea mageti.

Ile mbogi imekubali kurudia mazungumzo ya jikoni. Mama atakuja Jumamosi kwangu, tutarekodia kabatini katikati ya nguo zangu, maana ndipo mahali pasipo na mwangwi katika bedsita nzima. Nimeshawaonya majirani wasiwashe blenda.