Mateka wa nani? Barua ya wazi kwa Baraza la Kiswahili la Taifa

Kwa Katibu Mtendaji, BAKITA.

Anayeandika barua hii si mwanaisimu. Ni msomaji wa magazeti tu, na kinachomnyima raha ni neno moja la herufi sita: mateka.

Chukua kichwa cha habari kama hiki: "Mateka wa Israel waachiwa." Walioachiwa ni akina nani? Ni Waisraeli waliokuwa mikononi mwa Hamas, au Wapalestina waliokuwa mikononi mwa Israel? Sarufi inakubali yote mawili, kwa kuwa hiyo "wa" haisemi kama Israel imeteka au imetekewa watu wake. Na hili si fumbo la darasani. Novemba 24, 2023, vita viliposimamishwa kwa muda Gaza, pande zote mbili zilianza kuachia watu siku ileile. Wiki moja baadaye, mapigano yaliporudi, watu 105 walikuwa wametoka Gaza na Wapalestina 240 wametoka magerezani. Msomaji aliyekipata kichwa kile peke yake kwenye simu, bando limebaki la kuombea, alikuwa anapiga ramli.

Hata hao 240 wana mkanganyiko wao. Waliitwa wafungwa, ilhali wengi wao hawakuwa wamehukumiwa na mahakama yoyote. Kiswahili kinalo neno la mtu wa namna hiyo, mahabusu, na kila aliyewahi kumpelekea ndugu yake chakula kituo cha polisi analijua vizuri.

Mateka lenyewe limebeba mzigo mkubwa. Askari aliyekamatwa vitani ni mateka, na Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda. Mtalii anayefichwa msituni ili serikali yake ishurutishwe kutoa kitu naye ni mateka, ingawa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1979 unakuita kumshika huko uhalifu. Neno ni lilelile, akiwa mmoja au wakiwa mia. Wazee hawakukosea: kuteka ni kuteka, uwe mji au mifugo. (Kisimani nako watu huteka maji, ila huko hakuna anayedai fidia.)

Yote hayo yanavumilika mpaka habari inapofika nyumbani.

Baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo hawakujulikana walipo. Ikasemwa wanahofiwa kutekwa. Novemba serikali ikatangaza kuwa mmoja amefariki. Desemba ikatangaza kuwa wa pili naye ameuawa, lakini mwili wake ulikuwa umebaki Gaza. Kuanzia hapo kijana yule akaishi maisha mawili. Kwao alikuwa marehemu anayesubiriwa kuzikwa. Katika hesabu za habari za kimataifa alikuwa mateka. Kufikia Oktoba 2025, taarifa zilipotaja "mateka 48" waliobaki Gaza, 28 kati yao walikuwa maiti, na Mtanzania huyo alikuwa mmoja wa hao 28. Mwili wake ulikabidhiwa Novemba 2025.

Sasa mtu aandike, "Mateka Mtanzania akabidhiwa." Hakuna uongo hapo. Lakini jamaa wa mbali, ambaye tangazo la miaka miwili nyuma lilimpita, anaweza kabisa kupiga simu kijijini kuuliza kijana anafika lini, na aliyepokea simu ndiye atakayelazimika kumweleza. Kuongeza "mwili wa" kunakula nafasi ya maneno mawili. Mhariri anayesema nafasi haitoshi aulizwe ameipeleka wapi.

Liko pia suala la kukomboa. Novemba 2018, Mtaliano aliyekuwa akijitolea alitekwa Chakama, kaunti ya Kilifi, na akaachiwa Mei 2020. Ukiandika "alikombolewa", msomaji mmoja ataona noti zikihesabiwa, kama mtu anavyokomboa shamba aliloweka rehani. Mwingine ataona makomando na helikopta. Kitenzi kimoja kimebeba ama malipo ama mapigano, na mara nyingi mwandishi mwenyewe hajui ni kipi kilichotokea. Asiyejua ana "ameachiwa", neno ambalo halimsingizii mtu.

Kwa hiyo mwandishi wa barua hii haliombi Baraza liunde istilahi ngumu itakayofia kabatini. Maneno yapo tayari. Kinachokosekana ni makubaliano ya kuyatumia. Baraza likae na wahariri wa vyumba vya habari vya Kiswahili, wa ndani na wa idhaa za nje, wakubaliane kwamba "mateka wa" fulani iachwe, iandikwe wazi nani anamshikilia nani: "Waisraeli wanaoshikiliwa na Hamas." Kwamba aliyekufa asihesabiwe pamoja na walio hai bila kusemwa. Kwamba kukomboa kusubiri mpaka ijulikane kama fedha zimelipwa, na kuokoa kubaki kwa wale waliotolewa kwa nguvu. Ubishi utakuwepo, hasa kwa maneno yenye siasa ndani yake, na ni afadhali ufanyike mezani kwa Baraza kuliko kwenye simu ya mama anayesubiri habari za mwanawe.

Ukurasa mmoja unatosha, mradi uwe umebandikwa mbele ya mhariri wa zamu ya usiku, kwa maana habari hizi aghalabu huingia saa nane, naye yuko peke yake.