Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Mizoga ya Mto Ishasha

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Naomba wasaa wako kwa jambo ambalo aghalabu hupita kimya katika vikao vya wakubwa, kwa kuwa wanaofikwa nalo kwanza hawana mbunge wala balozi. Mwezi wa Aprili 2025, katika Hifadhi ya Virunga nchini Kongo, viboko wasiopungua 50, na nyati pamoja nao, walikutwa wamekufa kwa kimeta kandokando ya Mto Ishasha, mizoga mingine ikielea majini miguu juu. Mto huo, kama ujuavyo, ni mpaka wa Kongo na Uganda. Ng'ambo yake ni Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako mwaka 2004 na 2005 kimeta hichohicho kiliua viboko kwa mamia. Na maji yake humwagika katika Ziwa Edward, wanakovua watu wa Nyakakoma upande wa Kongo na wa Rwenshama upande wa Uganda.

Sikuandika ili nimlaumu mtu. Walinzi wa Virunga, katika nchi iliyo vitani, walipima wakathibitisha, wakawaonya watu wachemshe maji na wajiepushe na nyama ya porini, wakazika mizoga waliyoweza kuiopoa ilhali mitambo ya kuchimbia haikutosha. Rai yangu ni moja: kwamba khabari ya mzoga uliolala ukingo huu iwe na haki ya kisheria ya kuvuka hadi ukingo wa pili siku ileile, kutoka kwa mhifadhi hadi kwa mhifadhi na maabara hadi maabara, isingoje kupanda Kinshasa na kushukia Kampala, wala isitegemee urafiki wa maofisa wawili na salio la simu zao. Naujua ushirikiano wa hifadhi za Virunga baina ya Kongo, Uganda na Rwanda, nao nausifu. Lakini tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya mwaka 2022, dhamana hii imekuwa yako pia.

Nimetaja siku ileile kwa sababu. Mnyama aliyekufa kwa kimeta hutambulikana hata na mchungaji asiyejua kusoma: tumbo huvimba upesi, mwili haukakamai kama ilivyo ada ya maiti, na damu nyeusi isiyoganda huchuruzika puani na nyuma. Mzoga huo ukibaki mzima, vijidudu vilivyomo hufa kwa wingi katika kuoza kwake; ukipasuliwa kwa kisu cha mwenye njaa, au kwa mdomo wa tai na meno ya fisi, hewa huvigusa, navyo hujivika gamba gumu na kukaa udongoni miaka makumi, hata kiangazi kimoja nyasi zikiwa fupi mnyama mwingine avile pamoja na vumbi. Na kiboko, ambaye wengi humdhania mla majani tu, mara nyingine hula mzoga wa mwenziwe.

Haya si mageni katika ardhi yetu. Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoingia Eritrea mwaka 1887 na ng'ombe walioletwa na Wataliana, ilishuka ikifyeka mifugo, nyati na nyumbu, na kufikia 1896 ilikwisha vuka Zambezi. Haikuondolewa na nchi moja. Chanjo iliyoikomesha ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake pale Muguga, karibu na Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa mifugo iliyokuwa ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Na walipochanjwa ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti, nyumbu, ambao hapana aliyewachoma sindano, wakaongezeka kutoka kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi kupita milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mgonjwa wa mwisho wa sotoka kujulikana duniani alikuwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001. Hakuwa na mwenyewe wa kumpeleka kwa daktari, ilibidi afuatwe porini. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, watu walililia mno reli na ndege. Kwa maoni yangu, ushirika ule wa Muguga ulistahili machozi zaidi.

Sikuambii kwamba mmelala. Ibara ya 108 ya Mkataba inazungumzia maradhi ya mimea na wanyama, na Juni 2019 mliendesha Namanga zoezi la kuigiza mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa mpakani. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo zoezi huwa na tarehe na wageni waalikwa, na viboko wa Ishasha hawakumwalika mtu.

Liko na jingine, zito kuliko ukosefu wa vyombo, nalo ni khofu. Mfugaji akitoa taarifa, mnada hufungwa na watoto wake hukosa karo. Nchi ikitoa taarifa, nyama yake hukataliwa na watalii hubadili safari. Basi kila mmoja hupata sababu ya kunyamaza, na aliyenyamaza huonekana ndiye mwenye akili. Na yule asiyenyamaza humwona bwana mifugo akitia damu katika kichupa, akapanda pikipiki akaenda zake, na jibu lisimrudie abadan. Mwaka wa pili hatakwenda kuripoti, nami siwezi kumlaumu. Mtu huyo alipwe jibu, hata likiwa la kusema hapana maradhi. Na mnada ukifungwa, ufungwe pande zote mbili za mpaka kwa kipimo kimoja na kwa muda uliotajwa, ili asiadhibiwe aliyesema kweli peke yake.

Naomba mwanzo uwe Ishasha: idhini ya maandishi kwa wahifadhi na maabara za pande mbili kupashana khabari moja kwa moja, daftari moja la mizoga lisomwalo Kongo na Uganda, na mtu aliyeteuliwa kuwafikishia majibu wavuvi wa Nyakakoma na wa Rwenshama kwa lugha waijuayo. Idhini hiyo haihitaji jengo wala mkopo. Yahitaji sahihi za mawaziri, nao hukutana mbele yako.

Wako kwa heshima,
Raia wa Afrika Mashariki