Miaka Mitano ya Hiari

NASAHA ZA JUMAPILI
Na Mwinyihaji Kombo

Katika utumishi wa umma wa Tanzania, mwajiriwa aliyetimiza miaka 55 anayo ruhusa ya kustaafu kwa hiari yake, na akitimiza miaka 60 hustaafu kwa lazima, apende asipende. Na baina ya umri huo na huo sheria imemwekea muhula wa miaka mitano ambao ndani yake hakuna mkuu wa idara, wala mfuko wa pensheni, wala jamaa wa karibu, mwenye mamlaka ya kumchagulia siku ya kutoka. Kwa maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa muhula huo umesogezwa mbele, ukawa kati ya miaka 60 na 65, walakini maana yake ni ile ile. Mtu ambaye tangu ujana wake alipangiwa kituo, akapangiwa likizo, akahamishwa kutoka Tanga kwenda Songea bila ya kuulizwa mkewe anasemaje, hatimaye anapewa ikhtiari ambayo hakupata kuwa nayo siku yoyote ya utumishi wake. Nami, kwa kadiri nilivyowatazama watu wa rika langu wakitoka makazini mmoja baada ya mmoja, nimeona kwamba aghalabu hawakuitumia, bali waliiacha ikaisha mikononi mwao kimya kimya, hata ikafika ile siku ambayo barua haikutoka kwao kwenda kwa mwajiri, ila ilitoka kwa mwajiri kuja kwao.

Hapa sina budi kutenga makundi mawili, maana insafu yanidai hivyo. Liko kundi la wale wasioweza kuondoka kabla ya miaka 60 kwa sababu mtoto wa mwisho bado yuko kidato cha pili, au nyumba imesimama kwenye lenta, au wamelea mayatima wa ndugu zao juu ya watoto wao wenyewe. Hao sina neno la kuwaambia ila kuwaombea afya, kwani wameshaamua, na uamuzi wao ni wa kubaki. Maneno yangu ni kwa kundi la pili, la wale ambao hawabaki kwa haja wala hawaondoki kwa azma, ila husukumwa na miezi tu. Mtu wa kundi hili ukimwuliza atastaafu lini hukujibu kwamba wakati ukifika utafika. Wengine huficha hata umri wao, wakiogopa kwamba siku watakayojulikana kuwa wanaondoka ndiyo siku ambayo kijana wa afisini hatawainukia tena, na simu zitapungua, na jaha ile waliyoizoea itamwangukia mtu mwingine. Hofu hiyo ni ya kweli, na asiyepata kukaa katika kiti cha kazi miaka 30 asiidharau. Lakini hofu haimzuii mtu kuzeeka, na jaha inayotegemea watu wasijue tarehe yako ya kuzaliwa ni jaha dhaifu mno.

Ziko sababu za hesabu zinazomtaka mtu aamue mapema, nazo zimekuwa nzito zaidi katika miaka hii ya karibuni. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa ukazaliwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, nao NSSF ukaachiwa sekta binafsi. Na kanuni zilizofuata zilitaka mstaafu apewe robo tu kwa mkupuo, na sehemu iliyosalia aipokee mwezi kwa mwezi. Kilio kilikuwa kikubwa hata Rais Magufuli akazisimamisha kanuni hizo katika mwezi wa Desemba wa mwaka huo huo. Julai 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33 kwa wote, na mwaka 2024 serikali ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa wale ambao hapo kale walikuwa wakipewa nusu, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa wakipewa robo. Ndani ya miaka sita, basi, hesabu ya uzeeni imegeuka mara kadhaa, na mtumishi aliyekuwa amejenga matumaini yake juu ya habari alizozisikia kwa mwenziwe aliyestaafu zamani amejikuta akijenga juu ya mchanga.

Na tuchukue mfano, ili tusiseme kwa kubahatisha. Mtumishi amechangia kwa miezi 360, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara wake unaoingia katika hesabu ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 12,000,000. Miezi yake hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa mshahara huo wa mwaka, ikapatikana pensheni kamili ya mwaka ya kama shilingi 7,448,000. Asilimia 40 ya fedha hizo, ikizidishwa kwa 12.5, ndiyo mkupuo, nao ni kama shilingi milioni 37.2, na asilimia 60 iliyobaki, ikigawanywa kwa miezi 12, humpa kama shilingi 372,000 kila mwezi. Kila mwezi mmoja anaozidi kukaa kazini, maadamu wastani ule haukubadilika, humwongezea shilingi elfu moja na ushei katika pensheni ya mwezi, na kama shilingi laki moja katika mkupuo. Sasa mtu aliyeziona tarakimu hizi mezani pake ana kitu cha kupima: upande mmoja mshahara anaouacha na nyongeza hizo anazozikosa, na upande wa pili magoti yake, macho yake, shamba lake linaloota magugu, na mama mzazi aliye hai bado kijijini. Mizani hiyo hawezi kuishika mtu mwingine kwa niaba yake. Asiyeziona tarakimu zake hana anachopima, naye atabaki ama kwa woga ama kwa mazoea, na yote mawili ni washauri wabaya.

Tena yako ya majalada. Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo, majina matatu yaandikwavyo katika kitambulisho na yaandikwavyo katika cheti, michango ya miaka ile ambayo mwajiri aliikata katika mshahara lakini haikufika mfukoni: haya yote hutafutwa siku ya kustaafu, na siku ya kustaafu ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuyatafuta. Nimemwona mzee wa heshima akizunguka na bahasha ya kaki kutoka masjala hadi kwa wakili kuapa kwamba Hamisi na Khamis ni mtu mmoja, ilhali mshahara umekwisha kukatika na pensheni haijaanza. Jambo hilo lilihitaji wiki chache tu za kufuatilia akiwa bado na meza, na bado karani wa masjala anamwita bosi.

Nije kwenye ilani ya kustaafu yenyewe, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara, inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku zisizopungua 28, kwa maandishi. Na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inataja siku 28. Muda huo unamtosha kijana anayehama kutoka duka hadi duka. Haumtoshi mtu aliyekaa mahali pamoja nusu ya umri wake, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake haikuandikwa popote. Yupo fundi wa maji anayejua kwamba bomba la mtaa fulani halikupita pale ramani inaposema, bali lilipindishwa kuukwepa mzizi wa mwembe ambao siku hizi haupo. Yupo muuguzi mkuu anayejua ni wakunga gani wasipangwe zamu moja, na kwa nini. Yupo mwalimu wa hesabu ambaye mtoto mzito wa kufahamu humwelewa yeye peke yake. Maarifa hayo mwajiri hakuyanunua kwa mshahara, wala hayamo katika orodha ya vitu vya kukabidhi pamoja na funguo na kompyuta. Yalikusanywa kwa makosa ya watu wengi na subira ya watu wengi, yakawekwa kwa mtu mmoja kama amana, na amana hairejeshwi kwa siku 28. Kwa rai yangu, mtu wa namna hiyo aiseme nia yake mwaka mzima kabla, aombe apewe kijana wa kufuatana naye, na miezi ya mwisho awe yeye anatazama na kijana anatenda.

Mfano mkubwa tunao katika historia yetu wenyewe. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangazia umma mapema kwamba hatagombea tena urais, na tarehe 5 Novemba 1985, akiwa na miaka 63, akamwachia Ali Hassan Mwinyi. Na kabla ya hapo, Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika, alikuwa amekwisha kumwachia Rashidi Kawawa uwaziri mkuu ili yeye akajenge chama. Ni kweli kwamba baada ya 1985 alibaki kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, na wako wanaosema kwamba mtu aliyeondoka hivyo hakuondoka. Mimi siafikiani nao kabisa, wala siwapuuzi: kuwa karibu na aliyekurithi ni msaada ukiitwa, na ni mzigo usipoitwa, na mpaka baina ya mambo hayo mawili anaujua yule aliyerithishwa kuliko yule aliyerithisha. Ila jambo moja halina ubishi. Nchi ilipata muda wa kumzoea mwingine ilhali yeye yu hai, ana nguvu, na anaweza kuulizwa. Ikiwa dola iliweza kupewa ilani, seuze idara ya ardhi ya wilaya.

Namna ya kuisema nia hiyo nayo ina adabu zake. Asifahamu mwenzi wako wa ndoa kutoka kwa dereva wa afisi. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, na si kuambiwa tu bali kushauriwa, kwani nyumba itakayokupokea mchana kutwa ni yake vile vile, na kama mnakaa katika nyumba ya kazi, yeye ndiye atakayefunga mizigo. Kisha mkuu wako wa kazi, ana kwa ana, kabla ya habari kuenea sebuleni. Kisha ndipo barua, fupi, yenye tarehe ya kuandikwa na tarehe ya kuondoka, isiyo na malalamiko ya cheo ulichonyimwa mwaka fulani. Barua ya kustaafu isiandikwe siku ya hasira. Nimejua watu walioitupa mezani kwa sababu ya ugomvi wa asubuhi moja, wakaijutia kwa miaka, kwani walichokusudia kukiacha ni ule ugomvi, na walichokiacha ni kazi.

Nao wakuu wa kazi wana wajibu ambao wengi wameupuuza. Mtumishi akiisha kutangaza nia yake, si murua kumwondoa katika vikao, wala kumnyima safari na mafunzo, wala kumhesabu kuwa maiti anayesubiri kuzikwa. Watumishi wengine wanaona yanayompata aliyesema kweli, nao hujifunza kunyamaza. Na kila mkuu anayelalamika kwamba watu wake huondoka ghafula bila ya kukabidhi ajiulize kwanza jinsi alivyomtendea yule wa mwisho aliyemwarifu mapema. Serikali na mashirika yangefanya jambo la maana sana kama yangempa kila mtumishi afikaye miaka 54 hesabu yake iliyoandikwa, yenye miezi yote iliyochangiwa na makadirio ya mkupuo na pensheni, bila ya kungoja aombe.

Nimefikiri pia juu ya Shaaban Robert, ambaye wengi wetu twamjua kwa vitabu tukasahau kwamba alikuwa mtumishi wa serikali. Aliingia Forodhani mwaka 1926, akahamia idara nyingine, akaitumikia serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30, na usiku akiandika. Alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53 tu, na wakati wake mwenyewe, usio na saa ya kuripoti afisini, ulikuwa mfupi mno. Yeye alikuwa amekwisha kuyafanya mengi aliyoyakusudia, kwa sababu hakuyawekea kiporo mpaka uzeeni. Wengi wetu twawekea kila kitu kiporo, hija, kitabu, mnazi wa kupanda, kisomo tulichokikatiza, kwa kuamini kwamba umri unatungoja nje ya lango la afisi.

Basi, ndugu msomaji uliyetimiza miaka 54 au uliyepita hapo, nakuomba mambo mawili katika wiki hii. Nenda masjala uombe kuliona jalada lako, kisha nenda kwenye mfuko wako ukaombe taarifa ya michango na makadirio kwa maandishi. Ukiisha kuyapata, kaa na mwenzi wako mchague mwaka na mwezi, hata kama mwezi huo ni ule ule utakaotimiza miaka 60. Na mkiisha kuuchagua, mwambie mkuu wako wa kazi.