Kompyuta zisipoelewana, anayeumia ni mgonjwa

Msomaji, hebu fikiria mama aliyetumwa hospitali kuu kutoka zahanati ya kijijini. Barua ya daktari imetangulia kwa kompyuta. Karani anaitafuta, anaibofya, kisha anatikisa kichwa: "Mama, hii haifunguki. Rudi walikokuandikia." Nauli imekwisha, na mtoto mgongoni ana homa. Nani alaumiwe?

Wengi watamlaumu karani. Mimi nasema hana kosa. Katika vituo vingi mashine hutoka pande mbalimbali: moja ilinunuliwa, nyingine ni msaada wa wafadhili, ya tatu daktari aliitoa nyumbani kwake. Hii ina Windows, ile ni Macintosh, nyingine ina Linux. Huyu huandika kwa Microsoft Word, yule kwa LibreOffice. Kila moja ni nzuri peke yake. Balaa huanza zinapopokezana kazi.

Usidhani haya ni matatizo ya nchi maskini. Mwaka 2020, wakati wa korona, maabara za Uingereza zilikuwa zikituma matokeo kwa idara ya afya katika faili za maandishi matupu. Idara iliyaingiza katika majedwali ya Excel ya aina ya zamani, yasiyobeba zaidi ya mistari 65,536. Jedwali lilipojaa, yaliyozidi yaliachwa nje kimya kimya. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, visa 15,841 havikuingia katika hesabu ya kila siku. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati.

Faili isiyofunguka ina nafuu, kwani utajua kuna shida. Ya kuogopwa ni ile inayofunguka ikiwa imebadilika. Alama ya mikrogramu, ikiwa imeandikwa kwa herufi maalumu ambazo mashine ya pili haina, yaweza kugeuka kuwa "m" ya kawaida. Hapo mikrogramu 50 za dawa ya tezi zitasomeka miligramu 50, yaani mara 1,000 zaidi! Mfamasia makini ataishtukia, lakini je, tumtegemee yeye peke yake?

Tarehe nazo zina mtego wake. Excel ya Windows huhesabu siku kuanzia 1900. Ya Macintosh kwa miaka mingi ilianzia 1904. Ukinakili tarehe ovyo kutoka jedwali moja hadi jingine, zaweza kuruka miaka 4 na siku 1. Mtoto wa miezi 9, anayestahili chanjo ya surua, ataonekana amepita miaka 4.

Wapo watakaosema dawa ni kununua mashine za aina moja. Sikubaliani nao. Fedha hizo hatuna, na msaada ujao utaleta aina nyingine. Tunachokosa ni makubaliano, na makubaliano hayauzwi dukani.

Wakuu wa vituo na wakaaje na wafanyakazi wao waafikiane mambo manne. Kwanza, barua iliyokamilika itumwe kwa PDF, muundo uliokubaliwa kimataifa tangu 2008, ambao hufunguka karibu katika kila mashine. Pili, hati inayoendelea kuandikwa iwe ya muundo mmoja, uliojaribiwa kwanza katika mashine zote. Tatu, neno "mikrogramu" liandikwe kwa ukamilifu, na mwezi uandikwe kwa jina: "3 Aprili", si "3/4". Nne, kila matokeo yanapohamishwa, mtu ahesabu: yaliyotumwa ni mangapi, na yaliyofika ni mangapi?

Kenya ilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023 ili taarifa za afya ziunganishwe. Ni hatua njema, lakini sheria haitakuja zahanatini kufungua faili iliyogoma.

Nawe msomaji, una sehemu yako. Usiondoke kliniki bila nakala ya karatasi ya barua yako. Itunze kadi ya mtoto. Soma jina la dawa, kipimo chake na tarehe, na usipoelewa, uliza. Kuuliza si ujinga. Kompyuta zikikosana, karatasi iliyo mkononi mwako ndiyo itakayokusemea.