Watu wa Kukumbuka: Mama Daktari na Ndege Yake Ndogo

   

Habari ya mwezi huu ilianzia Mbale. Wawili kati yetu walikwenda kutembelea familia zetu zinazoishi huko mjini, halafu wakapitia Jinja kusalimia wengine. Pale Mbale walikuwa wamekaa nje na wenyeji wao wakingojea chai, mara ndege ndogo ikapita juu. Pengine ilitoka Soroti, ambako kuna shule ya marubani tangu mwaka 1971, iliyoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Watoto wa jirani wakakimbilia barabarani wakipunga mikono na kupiga kelele. Lakini mtoto wetu mmoja, wa miaka sita hivi, aliingia ndani mbio akajificha chini ya kitanda. Alikotoka yeye, ndege haipungiwi mkono. Mama yake akaingia, akalala sakafuni karibu naye mpaka akatulia. Chai ilipoa yote, na hakuna aliyeikumbuka.

Walipofika Jinja wakamsimulia jambo hilo mzee wetu mmoja. Mzee huyu kabla ya kuja Uganda alikaa miaka mingi Kenya, upande wa Turkana. Siku hiyo alikuwa amewatembeza karibu na uwanja wa ndege wa Jinja. Usifikirie uwanja kama wa Entebbe, hapana, huu ni mdogo na ndege inatua kwenye nyasi. Mzee akautazama, akasema: "Mwambieni huyo mtoto kuna ndege za namna nyingine pia. Kule Turkana watu walikuwa wakisikia ndege ya Mama Daktari, wanakuja na watoto wao mgongoni."

Basi tukaona tuwaletee habari za huyo Mama Daktari.

Jina lake ni Anne Spoerry. Alizaliwa Cannes, Ufaransa, tarehe 13 Mei 1918, akasomea udaktari Paris. Alifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya kufanya kazi Aden kwa muda. Huko Kenya alikuwa daktari wa mashamba eneo la Ol Kalou. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, walowezi wengi wakauza mashamba na kuondoka. Yeye alibaki, na mwaka huohuo, akiwa na miaka 45, akajifunza kurusha ndege. Jamani, miaka 45! Wapo kati yetu wa umri huo wanaosema wamezeeka hata kwa kujifunza kushona.

Mwaka 1964 alijiunga na AMREF. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wazo lao lilikuwa jepesi kulielewa. Mgonjwa yuko mbali, barabara ni mbovu au haipo kabisa, na hospitali haiwezi kutembea. Basi daktari apande ndege amfuate. Watu wa vituo vya mbali wakapewa redio za kuita Nairobi, na madaktari wakawa wanaruka kutoka uwanja wa Wilson.

Hapo kwenye jina la Wilson tusimame kidogo, maana nalo lina habari. Florence Kerr Wilson alikuwa mama mjane wa Kizungu aliyeishi Kenya. Mwaka 1929 alitoa fedha zake akaanzisha kampuni ya ndege, Wilson Airways, pamoja na rubani Tom Campbell Black. Ndege ya kwanza ilikuwa ndogo sana, ya viti viwili tu. Miaka kumi baadaye Vita vya Pili vya Dunia vikaanza, ndege zake zikachukuliwa kwa kazi ya jeshi, na kampuni ikaishia hapo. Wengi wetu tunajua maana ya kujenga kitu miaka kumi halafu vita ikakichukua. Mwaka 1962 uwanja ule ukapewa jina lake, na mpaka leo ndege nyingi za misaada zinaanzia pale.

Turudi kwa Mama Daktari. Kwa miaka zaidi ya thelathini alizunguka na ndege yake ya injini moja. Alikwenda Marsabit, alikwenda Ziwa Turkana, akashuka mpaka Lamu na vijiji vya visiwa vile. Mara nyingi alikuwa peke yake, rubani ni yeye na daktari ni yeye. Vingi vya viwanja alivyotua havikuwa hata kama hiki cha Jinja. Ni ardhi iliyofyekwa tu. Kwenye viwanja kama hivyo rubani huzunguka kwanza juu kuangalia upepo na kuona kama mbuzi na ngamia wameondoka njiani. Akishatua, anafungua masanduku. Watoto wanapigwa chanjo, wajawazito wanaangaliwa, wenye vidonda wanasafishwa, na aliyezidiwa anaweza kupelekwa hospitali. Siku inayofuata ni kijiji kingine. Wanaomkumbuka wanasema hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa mkali, mwenye haraka, lakini alikuja, na akarudi tena. Alifariki tarehe 2 Februari 1999 akiwa na miaka 80, akazikwa Lamu.

Tungeweza kuishia hapa, na ingekuwa habari nzuri ya kumsomea mtoto. Lakini tulipokaa kuandaa toleo hili, mwenzetu mmoja akasema, "Kama mnamwandika, mwandikeni wote." Akatueleza sehemu nyingine, na tukabishana mpaka taa ikazima.

Sehemu yenyewe ni hii. Wakati wa vita, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, Anne alikuwa kijana katika kundi la siri la kuwapinga. Alikamatwa mwaka 1943, na mwanzoni mwa 1944 akapelekwa Ravensbrück, kaskazini ya Berlin. Hiyo ilikuwa kambi ya wanawake. Haikuwa kambi kama hii yetu ya kutupokea. Ilikuwa ya kutesa na kuua, na wanawake zaidi ya laki moja walipitishwa humo. Aliwekwa katika nyumba namba 10, walimokuwa wagonjwa wa kifua kikuu na wagonjwa wa akili. Msimamizi humo alikuwa mfungwa mwingine, Carmen Mory, mwanamke katili. Vita ilipokwisha, wafungwa waliopona walisema kwamba Anne alikuwa upande wa Mory, na kwamba alishiriki kutesa wagonjwa, hata kuwachoma sindano za kuua. Wengine wakasema baadaye, katika nyumba nyingine, aliwasaidia. Mory alihukumiwa kifo mwaka 1947, akajiua kabla ya kunyongwa. Kuhusu Anne, mwaka 1946 baraza la heshima la wapiganaji wenzake huko Paris lilimwona ana hatia, likamtaka akae nje ya Ufaransa miaka 25.

Ndipo alipokwenda Aden, halafu Kenya. Na huko hakusema. Miaka hamsini, kimya. Miaka ya 1990 alitoa kitabu cha maisha yake, na tuhuma hizo hakuzieleza. Habari kamili iliwafikia watu wengi mwaka 2018, katika kitabu cha mwandishi John Heminway, aliyemfahamu na kuruka naye. Mwenyewe alikuwa kaburini miaka 19.

Sasa hapo ndipo tulipogawanyika.

Wengine wetu walisema: kambi kama ile inavunja mtu. Alikuwa na miaka 25, anaona kifo kila siku. Akitii, anaishi, asipotii, anakufa. Nani kati yetu ataapa angefanya vizuri zaidi? Na baadaye hakukaa kustarehe, alitumia maisha yake yote kuponya watoto wa watu.

Wengine wakasema hapana. Mama mmoja kati yetu, ambaye ndugu zake waliuawa na mtu anayemjua kwa jina, alizungumza polepole. Alisema: "Mtoto wa Turkana aliyepona, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini yule mwanamke wa nyumba namba 10 hakuponywa na chanjo ya Turkana. Alihitaji mtu aje amwambie, ndiyo, nilifanya." Baada ya hapo hatukuwa na la kujibu kwa haraka.

Ndugu wasomaji, tunaandika haya kwa sababu sisi ni watu wa kambi. Hapa tunaishi pamoja, waliotendewa na pengine waliotenda, na tunachota maji kwenye bomba moja. Wote tulikuja na mizigo, na mingine haikuonekana siku ya kuandikishwa. Kukimbia kunaokoa roho, lakini yaliyotokea yanabaki yametokea. Kazi njema ina thamani yake, na hatutaki kuidharau, maana kuna watu wazima leo Turkana na Lamu walio hai kwa sababu ndege ile ilitua. Ila tumekubaliana jambo moja: dawa aliyompa huyu haikuwa malipo ya deni la yule. Deni la yule lilikuwa neno, na neno hilo hakulitoa. Ukimya wake uliwanyima wale wanawake kitu ambacho yeye peke yake alikuwa nacho. Kwa hiyo tunamkumbuka kwa yote mawili, na hatuchagui moja.

Tulimpelekea salamu za mzee yule mama wa Mbale, za kuwa kuna ndege za namna nyingine. Alisikiliza, akashukuru, halafu akasema: "Sitamwambia mwanangu kwamba ndege ni nzuri, atajua nadanganya. Nitamwambia nyingine zinaleta dawa. Na ikipita tena tutatoka nje wawili, nimshike mkono, tuitazame mpaka iishe." Tukaona huyo mama ameshatushinda sote kwa hekima.

Je, nyumbani kwenu mnasemaje? Zungumzeni na wazee, na vijana msiogope kuuliza. Andikeni maoni yenu, hata kwa penseli, hata kama ni mistari mitatu, mtuletee kabla ya toleo lijalo. Asiyejua kuandika aje tumwandikie.

Kwaheri mpaka mwezi ujao. Tunawatakia amani katika nyumba zenu.